Ngano Iliyopandwa Njiani

Dada Hester,

Huku mvua imekatika. Keki yangu ilishika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya kijiji.

Mmiliki mpya wa shamba ameilima njia yetu ya kanisani, akapanda ngano. Jumapili mimi na waumini wenzangu tulipita vilevile, tumefuatana mstari mmoja katikati ya ngano.

"Bibi, unanikanyagia mazao!" akafoka.

"Nani alikutuma upande njiani, kijana?" nikamjibu. "Zunguka wewe."

Daktari amenikataza kutembea, moyo umechoka. Lakini njia isiyopitwa hufa, na mume wangu Wilf amezikwa ng'ambo ile. Jumapili ijayo nitatangulia mimi. Nikianguka, nimewaagiza wanibebe hadi kanisani, wakipita humohumo kwenye ngano.

Mdogo wako,
Enid