Mkono Begani mwa Taaka

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Busia tuko salama, mbuzi amezaa mapacha, na babu yako bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote mpakani. Sasa pumua. Jana nilimpeleka mwanao Taaka hospitali kule Tororo. Walimbandika nyaya kichwani, mashine ikachora mawimbi ya ubongo wake. Daktari akasema hana kifafa wala akili pungufu, ila kutulia kwenye jambo moja kunamshinda. "Mtoto huyu anasaidika, mzee," akaniambia.

Umeuliza kama jambo hili limetoka kwetu. Basi sikia. Ujanani nilivusha abiria kwa baiskeli kwenda Kenya, na hakuna aliyenifikia kwa mbio. Desturi ilikuwa abiria ashuke kwenye geti la mpaka, avuke kwa miguu, kisha apande tena. Siku moja nilimshusha msichana wa kijiji cha Dabani, nikatazama lori lililokwama, nikaondoka na kuku wake watatu mpaka sokoni. Mwenyewe nilimsahau getini.

Alinifikia amefura. "Wewe kaka, unabeba kuku unaacha mtu?" Kisha akacheka, akapanda. "Sasa nakushika bega, usinisahau tena."

Safari ile akili yangu haikutoroka. Msichana huyo ndiye bibi yako, na bega hili alilishika mpaka alipotuaga.

Jana jioni Taaka alifanya hesabu zake, mkono wangu ukiwa begani mwake. Hesabu zenyewe sikuzielewa hata moja, lakini mkono sikuuondoa mpaka akamaliza zote.

Babu yako wa mpakani