Wimbo wa Handaki

Warigia, uko? Nimefanya kitu kibaya na siwezi kumwambia mtu mwingine.

Wale wageni wangu wa Ulaya, wanaotaka historia ya kwetu? Leo nimewapeleka Gatuanyaga kwa yule nyanya mzee, Cucu Wangeci.

Akawasimulia vile mwaka wa 1954, wakati wa Emajensi, mkoloni akipigana na Mau Mau, alichimba handaki kuzunguka kijiji akiwa msichana wa miaka kumi na tatu. Homugadi, mlinzi Mwafrika wa mkoloni, aliwasimamia yeye na wenzake na bunduki, akiwalazimisha kuimba wakichimba. Hakuna aliyeenda nyumbani bila ruhusa yake; wakichoka, yeye anasema, "Rudieni, sijasikia."

Wageni wakaomba huo wimbo. Cucu akakataa. Mimi nikambembeleza. Mimi, Warigia! Akaimba ameketi, polepole, akiangalia chini.

Halafu mgeni mmoja akasema simu yake haikurekodi.

Nami bila kufikiria nikasema, "Rudia Cucu, hajasikia."

Hajasikia! Nilisema hivyo!

Cucu aliweka mkongojo chini, akasimama, akainama kama ameshika jembe, akaimba kwa sauti yake yote.

Wageni wakapiga makofi.

Yeye akaniangalia mimi. "Sasa tunaweza kwenda nyumbani?"

Na tulikuwa kwake, Warigia. Tulikuwa kwa mlango wake.