Heshi Aliyoiacha Baba

Kasubi, Kampala

Kwa kaka yangu mpenzi Wasim,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai wewe na wifi mko salama huko Mombasa. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama, na kwa hilo nina ugomvi nawe.

Unaukumbuka ujumbe ambao marehemu Baba alimtumia Mama kutoka hospitali: kwamba amemwachia sentensi moja, kisha ukafuata msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Mama alipokuuliza, ukamwambia Baba ameisimba, yaani ameificha kwa ufunguo, na kilichosimbwa husimbuliwa. Ah, Wasim, fundi wa kompyuta mzima! Ile ni heshi, alama tu ambayo programu huitoa kwa kila sentensi. Haina ufunguo wala njia ya kurudi. Unakisia maneno, unayatia kwenye programu, unatazama kama yatatoa msururu uleule, basi. Baba alilifundisha hilo chuoni miaka yote, na alikuwa mkali kwa anayechanganya maneno hayo.

Neno lako likamteka Mama. Amekaa eda, hatoki, kutwa yuko kwenye kompyuta ya Baba anajaribu dua, majina yetu, maneno yao ya uchumba. Hali, halali. Amekonda hadi gauni linamning'inia. Niliogopa tutamzika na yeye.

Jana mchana uvumilivu ukaniishia. Nilikuwa nimepika matoke ya soko la Kalerwe, nikamwambia kwa ukali: mama haisimbuliwi hiyo njoo ule matoke yanapoa. Akanitazama, akayaandika maneno yangu vilevile, kwa kunikomoa tu. Msururu ukatoka. Ni uleule wa Baba, herufi kwa herufi.

Usiniambie ni mgongano, eti sentensi mbili tofauti zimetoa heshi moja. Unajua hilo halitokei hivihivi. Maneno yale niliyasema jana, na Baba tumemzika tangu Rajabu. Mama hata hakushtuka. Alifunga kompyuta, akanawa mikono, akala akamaliza sahani, akasema baba yenu hakupenda chakula kipoe.

Sasa nikwambie nililokuficha. Baba alinitumia na mimi ujumbe, wenye heshi nyingine na jina lako juu yake. Alitaka nikupe hiyo yako, ya Mama ikishapatikana. Nimekunakilia, imo ndani ya bahasha hii. Usijishughulishe kuikisia, kaka, na tafadhali usinipigie simu. Nimeandika barua kwa sababu naogopa kwamba sentensi yako nayo itatoka kinywani mwangu, na sijui ni ya habari gani.

Mama anawasalimu sana, wewe na wifi. Allah akuhifadhi.

Ni mimi dadako,
Sundus