Mvua ya Mawe kwenye Njia ya Lubudi

Yaya Agnès, dada yangu mupenzi,

Salamu nyingi toka Lubudi, kwako wewe na batoto wote pale Kolwezi. Boss alinituma kujaribu kale ka-jeep alikonunua, aone kama kataweza njia mbovu za huku. Jana mvua ya mawe ilinyesha mpaka njia yote ikawa nyeupe kama unga wa muhogo. Ukungu ukapanda, nami nikaendesha polepole kama mutu anayeota.

Katika weupe ule nikaona mama mmoja na bwana yake, wamebeba cherehani. Ni Wakasai, wale wanaofukuzwa siku hizi kwa sababu ya kabila yao. "Tata, utufikishe ku gare, tupande treni," mama akaniomba. "Banatufukuza Kolwezi, na mi nilizaliwa kulekule. Lori nayo imetuacha mu njia."

Nikawapakia. Kwenye kilima magurudumu yaliteleza, tukaanza kurudi nyuma. Bwana akashuka akasukuma, nikatia gia ya nguvu, na ka-jeep kakapanda taratibu mpaka juu. Yaya, tulicheka kama watu wanaokwenda harusini! Mama akaokota barafu, akaionja huku amefumba macho. "Kumbe hii inchi iko na bitu sijaonja bado," akasema.

Gare ilijaa familia zimekalia mizigo yao, zikingoja treni. Niliwaacha hapo.

Nakuomba kitu kimoja: Mama Mbuyi, jirani yetu, naye ni Mukasai; asilale tena peke yake. Umulete kwako, na batoto bamuite tantine, kama shangazi yao wa damu.

Mungu akulinde, yaya.

Mudogo wako,
Célestin