Njia ya Vitenge ya Pasta

Jumatano, 6 Agosti
Kitenge cha kumi na moja, pindo limekwisha. Vyote vya kina mama wa kanisa. Naviunga viwe njia moja, kutoka getini hadi mlangoni. Jumapili Pasta anatimiza miaka kumi ya huduma hapa Johannesburg, na kwetu Bukavu mtu wa heshima hakanyagi udongo. Kutandika nimepewa mimi. Nimefurahi mno.

Kichwa kinagonga. Wiki ya tatu bila dawa ya presha. Pasta alisema nikimeza vidonge namwonyesha Mungu kwamba simwamini. Binti yangu Neema hajui.

Ijumaa, 8 Agosti
Neema karudi kutoka shule, kaona vitenge, kacheka. Eti Waingereza wana msemo: kuabudu ardhi anayokanyaga mtu. Maana yake kumheshimu na kumpenda kupita kiasi, usimwone na kosa. Nikamuuliza ulianzia wapi. Katafuta kwenye simu. Hakuna mwenye uhakika. Wengine wanadhani ni zile enzi za kulala kifudifudi mbele ya mfalme na kubusu udongo.

"Lakini wao wanasema tu, Mama. Nyinyi mnatandika kweli."

Nimemfokea. Adabu hana! Kisha nikakaa na mkasi mkononi, sijakata kitu. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti
Naona vinyota. Mshono wa mwisho umeenda upande, nimefumua mara mbili. Nimefungua droo. Dawa zipo. Nimeifunga.

Nikimeza leo, kesho nimtandikie kwa uso gani? Nisipomeza nikaanguka, Neema atabaki na nani hapa Joburg? Baba yake hayupo tena duniani. Eish. Nimeomba, sikusikia kitu ila moyo kwenda mbio.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetandika. Vigelegele. Pasta kapita, viatu vyeupe, hata chini hakutazama. Nilikuwa nimepiga magoti; kuinuka, nikaona giza. Nikaanguka juu ya vitenge. Pasta alikuwa ameshaingia. Mzee mmoja wa kanisa akaja mbio: "Mama, sogea kidogo, atatoka kwa njia hii hii."

Neema kaniinua. Nikamwambia yote. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 11 Agosti
Kliniki. Baridi, watu wamejifunika blanketi kwenye foleni. Nesi kanipima, kamwita mwenzake naye aone. Wamenipa kidonge, nimemeza mbele yao.

Nesi akauliza nani aliniambia niache dawa. Neema alikuwa ananitazama.

Nikasema ni mimi mwenyewe.