Mipira ya risasi ya Kabambare

Basi dada Mwamini, sikumaliza kukuambia juu ya ule muzungu wa huku Kabambare, tajiri anayemuandika kazi mukwe wangu Saidi. Anatundika mipira mbili ya risasi, ile madini nzito, kwa uzi mwembamba, anasema kila kitu kinavuta kingine. Ile nguvu ya kuvuta, na ile ya sumaku, na ile ya radi, anasema zote ni ndugu. Yeye anatafuta baba yao! Akaniita: “Mama, wewe uko munene, kaa hapa.” Dada, mipira ikanifuata polepole, hakuna mukono, hakuna upepo. Nikacheka sana! Halafu ikaniacha, ikageukia ukuta wa chumba anamolala binti yangu Zaina na mimba yake. Muzungu akauliza, “Nani iko kule?” Zaina alikuwa mutoni. Chumba kilikuwa kitupu. Nikamuambia Saidi: “Mutoe muke wako mule, aende azalie Kasongo kwa dada yangu.” Akacheka: “Mama mukwe, ile ni hesabu tu ya wazungu.” Kesho namuleta kwako, apende asipende. Tandika kitanda, pika sombe ya majani ya muhogo na mawese mingi, busu watoto wote, nimewakumbuka mpaka... Ngoja, Zaina ananiita chumbani. Anasema hawezi kuinuka kitandani, kitu kinamuvuta.