Wodi Iliyohesabiwa Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Mkuu, Matroni, wakuu wa idara kwa vyeo vyenu, nanyi makarani mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha — ndivyo ambavyo ningeanza leo, lau ningepewa nafasi ya kusema. Sikupewa. Basi nasemea hapa daftarini, ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Nimekabidhiwa kazi: kamusi ya data. Kila neno lililomo katika ripoti zetu zote lielezwe lina maana gani na linahesabiwaje. Ripoti ni arobaini na saba. Mkuu wangu wa kitengo — tunamwita Bwana Grafu, na jina amelipenda — ametangaza kuwa ni kazi ya wiki mbili. Nyepesi tu, ya kukaa na kunakili.

Kunakili! Neno "kitanda" peke yake lina maana nne. Kwa watu wa bohari, kitanda ni chuma na godoro, hata kama kimevunjika mguu na kimeegemezwa nyuma ya stoo. Kwa wauguzi, ni kile chenye mtu wa kukihudumia. Watu wazima wanagombana saa nzima juu ya vitanda, na hakuna wawili wanaozungumzia kitu kimoja.

Lakini kilichonichoma kilikuja mwishoni mwa kikao. Wodi ya watoto wachanga itapunguziwa wauguzi, kutoka sita kwa zamu hadi watatu. Sababu? Dashibodi, ule ukurasa wa takwimu kwenye kompyuta, inasema wodi imejaa kwa asilimia thelathini na mbili tu. Uamuzi utapitishwa Ijumaa ya tarehe 14. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Chai ikaletwa.

Jumatano, 5 Machi

Neno la leo: "mgonjwa". Maana sita! Mfamasia anasema mgonjwa ni yeyote aliyefika dirishani pake na karatasi. Nikamuuliza, na akija ndugu yake kumchukulia dawa? Akafikiri kidogo. Basi huyo ndiye mgonjwa, akasema, maana ndiye niliyemwona.

Bwana Grafu anashauri nichague maana moja "inayopendeza". Nimeziandika zote sita.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi yangu kanifuata mpaka ofisini. Huyu dada wa mume wangu ndiye muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga. Hakuketi.

"Wifi, nyinyi watu wa tarakimu mna macho kweli?"

Nikamwambia tunayo, karibu kiti.

"Sitaki kiti. Kiti chenyewe mtasema kina maana tano. Nataka mtu mmoja wa ofisi hii ateremke ngazi aje aone. Asilimia thelathini na mbili! Mimi nalaza wawiliwawili kwenye kitanda kimoja kidogo, nyinyi huku juu mmeiona tupu?"

Nikamtetea nani? Ofisi. Nikasema kwa sauti yangu ya kikaoni kwamba takwimu huwa zinahakikiwa. Akanitazama, akacheka cheko lisilo na furaha. Kumbe mwaka jana aliandika barua mbili kulalamika. Alijibiwa na Bwana Grafu kwa maneno hayohayo niliyoyatamka mimi sasa hivi. Neno kwa neno!

"Kaka yangu kaoa kasuku," akasema. Akaondoka.

Nimekasirika naye hadi jioni. Kisha nikagundua kwamba si naye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeteremka. Miaka tisa katika jengo hili na sijawahi kuingia wodi ile ila siku niliyojifungua mimi mwenyewe. Joto, taa kali, mashine za vipimo zinalia kila upande. Nikanawa, nikavaa gauni la wodini, nikahesabu kwa kidole. Kisha nikahesabu tena.

Vitanda vidogo ishirini na vinane. Watoto thelathini na wanne.

Kando ya vitanda, juu ya magodoro ya sakafuni, akina mama tisa waliokataa kwenda mbali na watoto wao. Tisa kwa ishirini na nane — fanya hesabu — ni asilimia thelathini na mbili. Ripoti yetu ya kisasa inahesabu akina mama walio sakafuni na kuwaruka watoto walio vitandani!

Muuguzi mmoja alikuwa akiwalisha watoto wawili kwa mirija, mmoja mkono huu, mmoja ule. Nikamuuliza, mkibaki watatu itakuwaje? Hakuinua kichwa. "Tutachagua," akasema.



Jumatatu, 10 Machi

Nimeifungua ripoti ile kwa ndani, mstari kwa mstari. Nimepata. Mfumo huandika umri kwa miaka kamili. Mtoto wa siku tatu ana umri gani? Sifuri. Na kichujio cha ripoti kinaamuru: penye umri sifuri, ondoa — ni nafasi ambayo karani alisahau kuijaza.

Basi wodi nzima ya watu wenye umri sifuri imetupwa kama kosa la karani! Wamebaki mama zao tu walioandikishwa wodini, maana wao umri wao umejazwa. Nimepiga meza hadi mwenzangu wa jirani akauliza kama nimeumwa na kitu. Mjinga gani aliandika hivi? Kesho nitatafuta jina lake kwenye kumbukumbu za mfumo, na nitalisoma mbele ya kikao kizima, herufi baada ya herufi.

Jumanne, 11 Machi

Ni mimi.

Miaka sita iliyopita, mwezi Juni. Ripoti ilikuwa ya wagonjwa wa nje, makarani walikuwa wakiacha umri bila kujaza, nami nikapata njia ya kuisafisha. Nilisifiwa. Baadaye Bwana Grafu akainakili ripoti ileile kwa kila wodi, na kichujio changu kikaenda nayo.

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza Bwana Grafu. Hakushangaa. Hilo ndilo linalonipandisha damu kichwani — hakushangaa! Barua za wifi aliwahi kuzifuatilia, tatizo akaliona, akaliacha. Kulirekebisha, anasema, kungebadilisha takwimu za miaka iliyopita na watu wangeuliza maswali.

"Dada, tulia. Rekebisha kimyakimya mwezi ujao."

Nikamwambia mwezi ujao wauguzi watakuwa watatu.

"Na wewe utakuwa wapi? Kichujio kina jina lako, hakina langu."

Nikatoka bila kuufunga mlango. Niliogopa kwamba nikiugusa nitaung'oa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma upya waraka ulionikabidhi kazi hii ya kamusi. Kifungu cha nne, alichokiandika Bwana Grafu mwenyewe kwa madaha na Mkurugenzi akakitia saini: ripoti ambayo maneno yake hayajaidhinishwa na mwandishi wa kamusi haitatumika kufanyia uamuzi wowote.

Mwandishi wa kamusi ni mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kikaoni, daftari magotini. Nimekwisha kusema, na ukumbi unavuma kama mzinga wa nyuki.

Nilisimama bila kuitwa. Nilieleza umri sifuri. Nilisema kichujio ni changu, nikataja mwaka na mwezi. Nilisema barua mbili zilikuja na zilijibiwa. Bwana Grafu akadakia kwamba hilo ni suala la kiufundi, lijadiliwe pembeni. Nikasema hapana, nikatamka uamuzi: nimeiondoa ripoti ya wodi ile tangu saa mbili asubuhi kwa mujibu wa kifungu cha nne, haitarudi mpaka maana ya "mgonjwa" ikubaliwe hapa, kila mkuu wa idara atie saini, na kabla ya kura yoyote, kikao hiki kiteremke ghorofa mbili, kikahesabu watoto kwa macho yake.

Matroni amesimama kwanza. Yuko mlangoni tayari. Daktari Mkuu amefunga kompyuta yake, anamfuata. Wakuu wa idara wanatazamana, nusu wima, nusu vitini. Mkurugenzi hajainuka. Amenigeukia.

"Na tukikuta ni thelathini na wanne kweli, wewe nikufanye nini?"

Nimemjibu, "Twende tukahesabu kwanza, Mheshimiwa."

Bado amekaa. Matroni ameshikilia mlango wazi, na hauachii. Nafunga daftari, nawafuata.